Masomo ya Leta ya kupelekea mutoto ya saba huku Annexe, Lubumbashi: nimezunguka, njo hii nimeona

Bazazi ba Annexe, hii ni ya bale bote benye mutoto anamaliza ya sita primeri na bado habajue batamupeleka wapi. Nimezunguka masomo ya Leta ya pande zetu, kuanzia njia ya Kasenga mpaka kule Kasungami, nikaingia mu biro ya baprefe, nikasolola na balimu inje ya kalasa, na zaidi ya yote nikaomba batoto ba majirani banionyeshe kaye zabo. Penye niliona mabaya sitataja jina ya masomo, juu prefe anaweza kubadilishwa kesho na masomo ikageuka, lakini nitasema wazi iko ya aina gani, na mwenye kuishi huku atalinganisha mwenyewe na ile iko karibu yake.

Tuelewane kwanza juu ya kintu kimoja. Muzazi wa huku akitafuta masomo anauliza swali moja tu, egzetati (egzamen ya Leta ya mwisho wa segonderi) balipita kwa asilimia ngapi, na masomo yanajua hii, njo maana banaandika 100% ku bendera kubwa pa mulango. Minaomba tuache. Mutoto wako anaingia ya saba, eko na miaka 12 ao 13. Ule mwenye alipita egzetati eko ya inne humanite, kalasa ya mwisho ya segonderi, aliingia pale miaka sita nyuma, na balimu bengine, pengine na prefe mwengine kabisa. Tena ile 100% haikuambie ni bangapi baliambiwa ku mwisho wa ya nane baende kutafuta masomo ingine, ili jina ya masomo ibakie safi. Uliza hivi badala yake: mwaka jana ya saba ilikuwa na batoto bangapi, na leo ya nane iko na bangapi? Kuko masomo moja nilikuta ya saba iko na makalasa tatu zimejaa, ya nane iko na moja na nusu. Prefe aliniambia bazazi balihama. Bazazi bengi namna ile habahame kwa mwaka moja, ni batoto balianguka na hakuna mwenye alibashika mukono.

Na banaanguka juu gani? Juu masomo mingi zinaweka balimu bazuri ku humanite, kule kwenye egzetati, kule kwenye jina inapatikana, kisha ya saba na ya nane zinabakia kwa mulimu mupya ao kwa ule mwenye masaa yake haikujaa kwengine. Kwa kawaida mulimu wa ya saba anapashwa kuwa na gradua, ni kusema miaka tatu ya ISP (masomo ya juu ya kufundisha balimu) ao ya iniversite, D6, ile diplome ya kumaliza humanite, ni ya kufundisha primeri. Ku masomo mbili nilikuta D6 anafundisha aljebra ya nane, na simulaumu ye, alikuwa anajikaza sana, lakini hakutumwa pale na hesabu nzuri. Tena kuko balimu ba NU, bale benye Leta haijaanza kubalipa, banaishi na ile bazazi banatoa tu. Na sisi huku tuko Katanga, munajua vile inaendaka: kampuni moja ya migodi ya Fungurume ao ya Kolwezi ikitafuta bantu, mulimu wa fizike anaenda, katikati ya mwaka, na nani atamukataza? Eko na batoto ye pia. Lakini kalasa inabakia bila fizike mpaka mwisho wa mwaka, na ku buletini points zitaandikwa tu, hapo njo mabaya iko.

Kwa bale batoto babo ba kwanza njo banafika pale: ya saba na ya nane ni ile zamani tulikuwa tunaita CO (cycle d'orientation). Tangu sheria ya elimu ya 2014 balizifunga pamoja na primeri, zikawa elimu ya msingi ya miaka 8, na ile miaka mbili ya mwisho banaiita CTEB (cycle terminal de l'éducation de base). Ku mwisho wa ya nane kuko test ya Leta, TENASOSP, yenye inaangalia mutoto aende upande gani, siantifike, pedagojia, komersiale, ao ufundi kama elektrisite, mekanike, kushona. Ni kusema miaka mbili hii njo inafungua ao kufunga mulango. Muzazi anafikiri ya saba ni ya kupumzika kidogo nyuma ya ENAFEP, ile egzamen ya mwisho wa ya sita, kumbe hapo njo mutoto anaachana na mulimu moja wa primeri mwenye alikuwa anamujua jina na nyumba, anaanza kuona balimu kumi na zaidi banaingia banatoka. Hesabu inagawanyika inakuwa aljebra, aritmetike, jeometri na statistike, kila moja na points zake ku buletini. Siansi pia, anatomia, botanike, zoolojia, kisha sians fizike, teknolojia na TIC (somo ya ordinateri). Yote mu Kifaransa. Na primeri ilikuwa trimestri tatu, huku ni semestri mbili, ni kusema mutoto akipotea, muzazi anachelewa kuona. Njo sababu ile kitu ya buletini isikutoshe.

Angalia kaye. Hii njo njia nilitumia, haina franga, na haiombe ruhusa ya prefe. Uko na jirani mwenye mutoto anasoma ya saba ku masomo fulani, mwambie kwa heshima, mama fulani, niletee kaye ya jeometri na ya teknolojia ya mutoto wako, niangalie. Angalia tarehe kwanza. Kama kuko somo ya tarehe 10, kisha ingine ya mwezi mwengine, ujue mulimu hakuwapo. Kisha tafuta biki nyekundu. Mulimu mwenye anakosoa anaacha alama, hata kwa kalasa kubwa, hata kama anachukua kaye za safu moja tu kila juma. Kisha angalia mazoezi: ni mulimu aliandika ku tablo na batoto bakakopia jibu, ao mutoto alifanya mwenyewe akakosa akarudilia? Nilikuta kaye ya TIC penye mutoto alichora klaviye ya ordinateri, alichora muzuri sana, herufi zote, na hajawahi kuguza ordinateri hata moja ku ile masomo. Nilikuta kaye ya teknolojia ya mwaka muzima iko na kurasa mbili. Na kwa masomo ingine, ya Leta vilevile, minervali karibu sawa, kaye ya jeometri ilikuwa imejaa, kompasi imefanya matobo ku karatasi, mulimu ameandika pembeni "rudilia na rula". Mutoto wa ile kaye alinieleza pembetatu ya pande mbili sawa bila kuangalia. Nilifurahi sana siku ile, kweli.

Sasa twende ku masomo yenyewe. Kwanza ondoeni ile mawazo asema masomo ya Bakatolika ao ya Baprotestanti ni ya prive. Hapana. Zote ni za Leta. Mobutu alizichukua 1974, kisha 1977 Leta na makanisa baliandikiana mapatano, makanisa zikarudilia kuziongoza, lakini balimu banalipwa na Leta, programu ni moja, inspektere ni moja. Kwa hiyo tukisema "ya Leta kabisa", "ya Bakatolika", "ya Baprotestanti", "ya Kimbanguiste", ni bandugu ba nyumba moja, kila moja na tabia yake.

Ile ya Leta kabisa yenye iko karibu yetu, mutoto anaenda na miguu, na hii si kintu kidogo. Balimu benye niliona pale, bengine beko na miaka mingi ya kazi, beko na matrikule (namba ya mutumishi wa Leta), banalipwa, habawezi kuondoka ovyo. Mulimu wa Kifaransa wa pale minamuheshimu wazi, anafanyisha batoto dikte na anazikosoa. Bei ya bazazi ilikuwa ndogo kupita zote nilizunguka. Lakini kuko shida mbili nzito. Ya kwanza, vakasio mbili: humanite banasoma asubui, ya saba na ya nane banasoma nyuma ya midi. Mutoto wa miaka 12 anafika mu kalasa wakati jua ya Oktoba imeshapasha manjanja, anasinzia, mulimu pia amechoka juu alishafundisha asubui kwengine. Na kutoka ni wakati jua inataka kutua, kisha kuko ile kipande ya njia bila taa, SNEL, kampuni ya umeme, munaijua. Kwa mutoto mwanaume pengine utavumilia, mi niko na binti, sikuweza. Shida ya pili ni mvua. Kalasa haina plafo, mvua ya Januari ikianza kupiga ku manjanja hakuna mwenye anasikia mulimu, somo inasimama mpaka iishe, na huku kwetu mvua inaanza Novemba mpaka Machi, hesabu mwenyewe masaa yenye inapotea. Kama ile masomo ingebadilisha vakasio, ya saba asubui, ningeiweka juu ya zote, minasema kweli, juu balimu beko. Nilimwambia prefe, Papa Prefe, batoto badogo njo bangepashwa kusoma asubui. Alinijibu muzuri, akasema makalasa haitoshe na bafinalisti banaogopa egzetati. Egzetati tena.

Ya Bakatolika yenye iko pa parokia, hii bantu bote banaitafuta na sababu iko. Saa ya kuingia ni saa ya kuingia. Mulimu akikosa, surveya anaingia na mazoezi, kalasa haibaki kelele. Kaye zimekosolewa, buletini zinatoka kwa wakati, ripoti ya muzazi iko, na hata kiwanja iko safi, batoto banafagia bo benyewe asubui. Choo ya mabinti imetengwa, iko na mulango yenye inafunga, na maji ku ndoo. Ba mama munaelewa juu gani minaandika hii: mutoto mwanamuke wa ya saba ao ya nane akianza kuona mwezi na choo haina mulango, anabakia nyumbani siku tatu kila mwezi, na points zitashuka bila mwenye kujua sababu. Uliza choo. Omba uione. Prefe mwenye anaona haya kukuonyesha amekujibu tayari.

Lakini ile masomo ya parokia imejaa. Batoto banakaa batatu ku kiti ya bawili, na nyuma kabisa kuko bale benye habaone tablo. Tangu gratuite ya primeri ilianza Septemba 2019 batoto bengi sana balifika mpaka ya sita, na ni muzuri, mi nashukuru, kuko mutoto wa dada yangu hangesoma bila ile. Lakini ile mawimbi ya batoto sasa imefika ku ya saba, na ku ya saba gratuite inaishia, muzazi anarudilia kulipa, na makalasa ni zile zile za zamani. Tena ya parokia wanafukuza batoto juu ya franga. Tarehe ikifika, sekretere anapita na liste, bale habajalipa banasimama banatoka mbele ya benzabo. Nilisikia banasema njo njia moja ya kufanya bazazi balipe. Minaelewa balimu bapashwa kula, lakini mutoto hana franga mu mufuko yake, muzazi njo eko nayo, muite muzazi. Mutoto mwenye alitolewa mbele ya kalasa kwa sababu ya franga anarudi na kichwa chini, na hii inakaa muda mrefu.

Kuhusu franga yenyewe, maneno machache. Kila mwaka guvernere anasaini karatasi yenye inaonyesha bei ya masomo ya Leta mu provensi, na masomo inapashwa kuibandika ku ukuta. Iulize. Kuko minervali, kuko asiransi, kuko karatasi za buletini, kisha kuko ile ya bazazi ya kusaidia balimu, yenye njo kubwa. Lipa na upate resi, kila mara, hata kama mwenye anapokea ni mutu wa kanisa lako. Kuko masomo moja (hii sitaisema hata aina yake) penye baliniomba franga ya "macho" juu nafasi zimeisha, bila resi. Nilitoka. Masomo yenye inaanza hivyo na muzazi, itamaliza na mutoto kununua points.

Ya Baprotestanti, nyuma ya soko, ndogo, hakuna mwenye anaisema. Ukuta haijapakwa rangi, bendera ya 100% hakuna. Kalasa ya saba moja tu, batoto habafike hata makumi tano, kila mutoto na nafasi yake. Banasoma asubui. Prefe ni mama moja mwenye bado anafundisha ye mwenyewe masaa ya hesabu mu ya saba, eko na lisansi, na nilipomuuliza juu gani haendi ku humanite alinijibu:

"Mama, mutoto akikosa sehemu ya kugawanya na sinye (+ na -) mu ya saba, mu ya tatu humanite sitamuponya tena. Afazali nianze nao."

Ile kaye ya jeometri nilisifu hapo juu ilitoka pale. Alinifungulia mulango ya kalasa nisimame nyuma, hakuna masomo ingine ilikubali. Niliona batoto banaitwa ku tablo, anayekosa hachekwi, mwengine anakuya kumusaidia. Kifaransa yabo iko chini kidogo kupita ya parokia, hii ilionekana haraka, mutoto anajibu nusu Kifaransa nusu Kiswahili, na mulimu anaacha. Mi ningependa basukume zaidi, juu TENASOSP haitaandikwa mu Kiswahili. Shida ingine ni siansi: labo hakuna, mikroskopi hakuna, na mulimu wa fizike ni NU, mwaka moja eko, mwaka mwengine haujui. Prefe hakunificha hii, alisema mbele hata sijauliza. Choo ni moja kwa mabinti bote, iko safi lakini ni moja.

Ya Kimbanguiste niliingia mara moja, prefe hakukuwapo, kaye sikupata, basi sitaihukumu.

Kisha kuko masomo makubwa ya mu muji. Kila mara minasikia: peleka mutoto Imara, peleka binti Tuendelee. Na ni kweli majina ile haikuanguka toka juu. Basalesiani, bapadri ba Katolika, balifika huku 1911, muji ulikuwa na mwaka moja tu tangu uanzwe, bakaanzisha ile Collège Saint-François-de-Sales yenye leo ni Imara, zaidi ya miaka mia moja bako banafundisha batoto ba Lubumbashi. Tuendelee imelea bamama bengi benye leo ni badokta, balimu, bajaji. Mutoto mwenye anaishi mu muji na amepata nafasi, bazazi bake bamushukuru Mungu. Lakini kwetu Annexe hesabu ni ingine. Mutoto anaamuka kabla jua itoke, bisi ya kwanza mpaka mu muji, mara nyingi ya pili, ao moto yenye inakimbia katikati ya malori ya migodi. Asubui bisi zinakataa banafunzi juu banalipa kidogo. Kurudi ni vilevile. Ukijumlisha franga ya bisi ya mwezi unakuta imepita bei ya masomo yenyewe, na mutoto anafika nyumbani hawezi hata kufungua kaye. Kwa humanite, mutoto wa miaka 15 mwenye anajua muji, sawa. Kwa ya saba, kama haukuna nkambo ao shangazi mu muji kwenye anaweza kulala siku za kazi, mi nasema hapana, hata kama banakupa nafasi. Najua kuko bazazi bataona hii kama kukosa kumupenda mutoto. Mi naona mutoto mwenye amelala masaa ya kutosha na mulimu wa kawaida anashinda mutoto mwenye anasinzia mbele ya mulimu mukubwa.

Kwa hiyo nilichagua nini? Binti wangu nilimuandikisha kwa Baprotestanti. Ile kalasa ndogo, asubui, na prefe mwenye anafundisha hesabu mu ya saba, bintu ile tatu pamoja sikuviona kwengine. Juu ya Kifaransa, nyumbani tulikubaliana kila jioni anasoma kurasa moja kwa sauti na kaka yake anamusikiliza, hata kama umeme haiko, kuko torchi. Juu ya fizike, kuko kijana moja wa ISP mu avenue yetu anapita siku ya posho na batoto ba majirani, bazazi batano tunachanga, bei inakuwa nyepesi kwa kila mutu. Ningependa masomo ya Leta itoshe bila hii, na sitaacha kuisema ku mukutano ya bazazi, juu sisi tunalipa mara mbili kwa somo moja.

Lakini si kila mutoto ni binti wangu. Kama mutoto wako eko na nguvu mu Kifaransa na anahitaji mutu wa kumushika na nizamu, na wewe uko na uhakika wa kulipa kila mwezi bila kuchelewa, ya parokia ni nzuri, ila omba akae mbele, na uombe mapema, usingoje mulimu ajue majina. Kama nyumba yako iko pembeni ya ile ya Leta kabisa na mutoto ni mwanaume mukubwa kidogo, balimu bale batamufundisha, wewe tu fanya asilale saa za asubui, amuke afanye devwari wakati kichwa iko baridi, kisha aende nyuma ya midi. Na kama franga iko kidogo kabisa, usione haya ya kuchagua ile ya karibu. Afazali masomo ya karibu yenye mutoto anaenda kila siku kuliko ya jina yenye anakosa juma nzima juu franga ya bisi haiko.

Kuandikisha, musingoje mwisho wa Agosti. Masomo mingi zinaanza kupokea majina mara tu matokeo ya ENAFEP inatoka, na kalasa ndogo njo zinajaa mbele. Beba buletini ya ya tano na ya ya sita, sertifika kama imetoka, picha, na uangalie namba ya mutoto ya SERNIE (biro ya Leta yenye inaandika banafunzi bote) ku buletini isiwe na kosa, jina pia, herufi kwa herufi, juu jina yenye imeandikwa vibaya mu ya saba itamufuata mpaka ku diplome, na kuikosoa kule mbele ni safari ya biro kwa biro. Inifomu ni bleu na nyeupe kama kawaida, kama masomo haikulazimishi kununua kwao, nenda ku soko ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, mu Julai, mbele bei ipande, uchukue kitambaa nzito na umupe fundi aache upana ku magoti na ku mabega, mutoto wa ya saba anarefuka mbele ya Pasaka.